Mti wenye vishada vya matunda ya njano uani: ni tunda gani hili, na mbwa au mbuzi wakila ni salama?

Mpangaji wa Dom

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaojua miti, na kama kuna daktari wa mifugo humu naye apite.

Tumehamia nyumba ya kupanga nje kidogo ya mji wa Dodoma. Uani kuna mti mkubwa unaolizidi paa kwa urefu, na kwa sasa umepukutisha majani yote. Kilichobaki juu ni vishada vya matunda madogo ya njano, mviringo, ukubwa wa goroli, kila tunda na kikonyo chake kirefu chembamba. Upepo ukivuma yanadondoka, asubuhi ua mzima umetapakaa njano. Ganda limeanza kunyauka na kujikunja. Ukilibonyeza unakuta nyama kidogo yenye utelezi, halafu kokwa ngumu.

Mwenye nyumba anasema ni mwarobaini. Mama wa nyumba ya pili anasema hapana, hilo ni tunda la kizungu, wao walikuwa wanalila alipokuwa anaishi Lushoto. Ndege wanayashambulia kutwa nzima.

Nina mbwa wawili, mmoja mkubwa na mwingine mtoto wa miezi minne. Nina mbuzi watatu, kuku wa kienyeji, na binti yangu mdogo ana sungura wake. Yule mbwa mdogo anayatafuna hayo matunda kama mchezo. Mbuzi nao nimewaona wakiokota.

Ninachotaka kujua ni mti gani huu na nani kati ya hawa anaruhusiwa kula. Picha zinagoma kupanda kwenye simu, nikipata kompyuta nitaziweka.

Bustani ya Bibi

Mkuu, kabla hatujafika kwenye jina, leo hii mbwa mdogo asifike chini ya mti huo, na mtoto pia asicheze pale. Fagia uyazoe yote. Jina tutalitafuta wakati wanyama wako mbali.

Sasa nisaidie mambo matatu. Chukua tunda moja, toa nyama yote, osha kokwa, uniambie ikoje: laini au ina mifereji, ina tundu au haina. Pili, tafuta jani bichi hata moja. Mti ukiwa mtupu bado mara nyingi kuna chipukizi chini kwenye shina, au miche midogo iliyoota yenyewe pembeni. Usiniletee jani moja moja lililokauka, nataka kikonyo kizima kuanzia kinapoungana na tawi. Tatu, muulize mwenye nyumba maua yake yana rangi gani.

Na tafadhali usionje. Watu wengi wakitaka kujua tunda ni gani wanaanza na ulimi. Ulimi hauwezi kukuambia kitu hapo, kuna matunda matamu yenye sumu na machungu yasiyo na shida yoyote.

Mwana wa Pwani

Salaam. Mimi naona mnamtisha bure ndugu yetu. Kwetu Tanga tumekua tunaokota kila kitu chini ya miti: kungu, zambarau, kunazi, na hatukudhurika. Kanuni ya wazee ni nyepesi, tunda likiliwa na ndege na mbuzi, binadamu na mbwa nao wanaweza. Ndege hana ujinga wa kujiua.

Mpangaji wa Dom

@Bustani ya Bibi asante, nimefanya. Kokwa ina mifereji iliyosimama, nimehesabu mitano, kama imechongwa kwa mkono. Katikati ina tundu linalopita juu hadi chini, nimepitisha kijiti cha kuchokolea meno kikatokea upande wa pili.

Chipukizi lipo chini ya shina. Kikonyo kikuu kinatoa vikonyo vingine pembeni, na hivyo vya pembeni ndivyo vyenye vijani. Vijani vina meno meno ukingoni. Nikilifikicha linanuka vibaya.

Mwenye nyumba anasema maua yake ni ya zambarau iliyofifia, yananukia vizuri sana jioni.

Bustani ya Bibi

Basi tumeupata. Huo ni Melia azedarach. Watu wa misitu wanauita mmelia, wengine wanauita mwarobaini nusu. Ni ndugu wa mwarobaini wa kweli, wako ukoo mmoja na mkangazi, ndiyo maana mwenye nyumba wako hakuwa mbali. Ila si mti mmoja, na kwa swali lako la wanyama tofauti ni kubwa.

Ngoja niieleze vizuri maana hapa Dodoma miarobaini iko kila mtaa na wengi wanaichanganya.

Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja tu. Kikonyo kimoja kirefu, vijani vimepangwa kulia na kushoto, kila kijani kimepinda kidogo mithili ya mundu. La mmelia limegawanyika mara mbili, hata tatu, ndiyo hivyo vikonyo vya pembeni ulivyoviona. Hii peke yake inatosha kutenganisha. Maua ya mwarobaini ni meupe, madogo. Ya mmelia ni zambarau hafifu, na katikati ya kila ua kuna kijibomba cha zambarau iliyokolea. Tunda la mwarobaini ni refu kidogo kama zeituni, ganda jembamba, nyama yake tamu yenye utelezi, na kokwa laini isiyo na mifereji. La mmelia ni mviringo, linabaki mtini miezi mingi baada ya majani kuanguka, linanyauka huko huko juu. Na kokwa ya mifereji yenye tundu katikati haina mshindani. Zamani watu walikuwa wanazitunga kwenye uzi kutengeneza rozari na tasbihi, hazihitaji kutobolewa.

Mama jirani nadhani anazungumzia lokwati. Hiyo inastawi sehemu za baridi, inaliwa, ni tamu kweli. Lakini lokwati haipukutishi majani, jani lake ni moja pana, gumu, upande wa chini lina manyoya. Tunda lake ni kubwa kuliko hili mara mbili au tatu, na kokwa zake ni kubwa, za kahawia, zinateleza mkononi. Huwezi kupitisha kijiti.

Kuhusu sumu nawaachia wenye fani.

VetMoro

Nimepita. Mimi ni daktari wa mifugo, niko Morogoro. Maelezo ya Bustani ya Bibi yamekaa sawa, kwa hiyo nitajibu kana kwamba ni mmelia.

Sumu ipo zaidi kwenye tunda. Ni kundi la kemikali zinazoitwa meliatoksini, zinachubua tumbo na utumbo, halafu zinagusa mfumo wa fahamu. Kiasi cha sumu kinatofautiana kati ya mti na mti na kati ya nchi na nchi. Ndiyo sababu utamsikia mmoja anasema mbwa wake amekula miaka yote, na mwingine anasema wake alikufa. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Anayeathirika zaidi ni nguruwe, na maandishi mengi ya sumu ya mti huu yanamhusu yeye. Matunda yenye uzito wa nusu asilimia ya uzito wake yanaweza kumuua. Chukua nguruwe wa kilo 40, hapo tunazungumzia gramu 200 tu, mikono miwili ya matunda. Mbwa anamfuata kwa karibu, na mtoto wa mbwa ni hatari zaidi kwa sababu mwili ni mdogo na kila anachokiona anakitia mdomoni. Binadamu pia, hasa watoto. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wanavumilia zaidi, lakini kuvumilia si kinga, wakipata mengi wanaugua. Kuku wasiachiwe. Sungura usimjaribishe kabisa. Sungura hana uwezo wa kutapika, kikiingia kimeingia.

Dalili kwa mbwa huanza ndani ya saa chache: mate mengi, kutapika, kuharisha, wakati mwingine na damu, tumbo kuuma, kukataa chakula. Ikiendelea anatetemeka, anayumba, miguu inaishiwa nguvu, anaweza kupata degedege. Aliyekula mengi anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii haipo. Tunachofanya ni kuitoa tumboni mapema, kumpa mkaa wa hospitali unaonasa sumu, kumwekea dripu, kuzuia degedege, kumlinda hadi mwili uimalize wenyewe. Ndiyo maana kuwahi kuna thamani kuliko kitu kingine chochote.

@Mwana wa Pwani kaka yangu, hoja ya ndege nimeisikia ofisini mara nyingi, na ndiyo inayoniletea wagonjwa wengi, kwa hiyo naijibu kwa heshima lakini moja kwa moja. Ndege wa matunda hatafuni kokwa, anameza na kuitoa nzima kwa kinyesi. Tumbo lake na ini lake si la mbwa. Mti unamhitaji ndege asambaze mbegu, ndiyo maana tunda limekaa juu na lina rangi ya kumwita. Chukua pilipili: ndege anakula hata hasikii ukali, mpe mbwa uone. Ukienda upande wa pili, parachichi mimi na wewe tunakula kila siku, lakini kasuku na ndege wengine wa kufugwa linawaua. Kwa hiyo alichokula mnyama mmoja hakikuambii lolote juu ya mwingine.

Mwana wa Pwani

Nimekuelewa dokta, hasa hapo kwenye kasuku, maana shangazi yangu ana kasuku na huwa anampa parachichi. Nampigia sasa hivi. Lakini mbuzi je? Wetu wanakula majani ya mwarobaini kila siku na wananenepa.

VetMoro

Majani ya mwarobaini wa kweli mbuzi hula, sehemu nyingi kavu wafugaji wanawapa wakati wa kiangazi malisho yakiisha. Sina tatizo na hilo kwa kiasi. Tatizo langu ni mtu anayekata matawi bila kuangalia jani limegawanyika mara ngapi.

Ila kwa mbuzi mti ninaouogopa zaidi ni ule usiomtisha mtu: mparachichi. Majani yake yana kemikali inayoitwa pasini. Mbuzi anayenyonyesha akila gramu 20 za majani kwa kila kilo ya uzito wake, kiwele kinavimba na maziwa yanakatika. Akifika gramu 30 kwa kilo, moyo unaumia. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji gramu 600 za majani kufika kiwango cha kwanza, yaani furushi moja la matawi mtu aliyopunguza mti akawatupia bandani. Na atakwambia mbuzi wana ugonjwa wa kiwele, anaanza kununua antibiotiki.

Shamba Kiambu

Nawasalimu kutoka Kenya. Sisi huku Kiambu tuko na lokwati karibu kila boma, na mbwa wetu hula zikianguka. Nyama ya tunda haijawahi kuwa na shida. Lakini daktari wetu alituonya juu ya kokwa, kwamba mbwa akizitafuna hutoa sumu ya sianidi, na akizimeza nzima nyingi zinaweza kuziba utumbo. Kwa hivyo sisi huokota.

Kile kilitushtua ni njugu za makadamia. Tuko na miti kadhaa nyuma ya nyumba. Siku moja asubuhi mbwa wetu alishindwa kusimama, miguu ya nyuma ilikuwa imelegea kabisa, anatetemeka, mwili moto. Tulidhani amegongwa na gari usiku, ama amerogwa, majirani walikuwa na maoni yao. Daktari aliuliza swali moja tu: muko na makadamia? Ganda lilikuwa limepasuliwa chini ya mti, meno yake yakionekana. Alipona baada ya siku mbili, lakini singependa mtu mwingine apitie hiyo hofu. Watu wengi wa Murang'a, Embu na Meru wako na hiyo miti na hawajui.

VetMoro

Asante sana kwa kuliweka hilo. Ni kweli kabisa, makadamia kwa mbwa hufanya hivyo hivyo: miguu ya nyuma kulegea, kutetemeka, homa, kutapika, ndani ya saa 12 hivi. Wengi hupona ndani ya siku moja au mbili. Tanzania sasa inapandwa Kilimanjaro na Arusha, wafugaji wa huko wasome hapa.

Mpangaji wa Dom

Wakuu, mambo yamebadilika. Nimerudi kutoka kazini nimemkuta yule mbwa mdogo amelala pembeni ya banda, ametapika mara mbili, mate yanamtoka. Kwenye matapishi kuna maganda ya njano. Nilikuwa nimemfunga kamba, ameitafuna. Mke wangu anasema tumpe maziwa, jirani ameleta mafuta ya kula na mkaa wa jikoni uliosagwa. Nifanye nini sasa hivi?

VetMoro

Usimpe chochote mdomoni. Mafuta ukimlazimisha yanaingia kwenye mapafu, hapo utakuwa na ugonjwa wa pili. Mkaa wa jikoni si mkaa wa hospitali, haunasi sumu kwa kiwango kinachosaidia. Maziwa hayaui sumu hii. Na asije mtu akakwambia umpe maji ya chumvi atapike zaidi, chumvi nyingi peke yake inamwua mtoto wa mbwa.

Mpeleke kwa daktari sasa, usisubiri kuche. Mpige simu ukiwa njiani umwambie mambo manne: uzito wa mbwa unaokadiria, saa unazodhani amekula, amekula nini, na dalili ulizoona. Beba matunda matano hivi na lile chipukizi kwenye mfuko. Piga picha ya matapishi. Mfungue mdomo uangalie fizi, kama ni nyeupe au za bluu mwambie daktari. Njiani mlaze ubavu, kichwa kiwe chini kidogo kuliko mwili ili matapishi yasirudi kooni. Akianza degedege usimtie mkono mdomoni, mfunike taulo tu na uendelee na safari.

Bustani ya Bibi

Tunakuombea mkuu. Na mtoto wako umemwangalia? Kama kuna shaka yoyote kwamba naye ametia mdomoni, hospitali moja kwa moja, yeye hatusubiri dalili.

Mpangaji wa Dom

Mtoto yuko sawa, hakushinda nyumbani leo. Tuko njiani.

Dada wa Hombolo

Wakati tunasubiri habari, naomba niulize, kwa sababu nimeusoma uzi huu nikaingiwa na hofu. Sisi ni wakulima wa zabibu. Mbwa wetu wanalinda shamba, na wakati wa mavuno wanakula zabibu zilizoanguka. Hapa Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ni jambo la kila msimu. Nimewahi kusikia zabibu ni mbaya kwa mbwa, lakini wetu wapo. Nichukulie ni uvumi?

VetMoro

Si uvumi dada. Zabibu mbichi na zabibu kavu zinaharibu figo za mbwa. Si kila mbwa anaugua, na hilo ndilo lililowasumbua madaktari miaka mingi: mmoja anakula rundo na hapati kitu, mwingine anakula chache figo zinasimama. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu za wanyama wa ASPCA, shirika la kutetea wanyama kule Marekani, walitoa maelezo yanayoingia akilini. Waliona mbwa waliokula unga wa kuokea wenye asidi ya tataraki wanapata ugonjwa ule ule wa figo, na mbwa waliokula ukwaju hali kadhalika. Asidi hiyo ipo kwa wingi kwenye zabibu na kwenye ukwaju, na kiasi chake hubadilika kwa aina ya zabibu na jinsi ilivyoiva. Hapo unaona kwa nini mmoja anaugua na mwingine haugui.

Kwa hiyo hata ukwaju, ambao kwetu umejaa kila mahali, usimpe mbwa. Wengi hawajawahi kuambiwa.

Dalili za zabibu ni kutapika ndani ya saa 24, kuzubaa, kukataa kula, halafu siku ya kwanza hadi ya tatu mkojo unapungua au unakatika. Mkojo ukishakatika kazi ni ngumu sana, na mashine za kusafisha figo za mbwa huku kwetu ni ndoto. Ushauri wangu kwa shamba: wakati wa mavuno mbwa wafungwe mchana, walinde usiku wakiwa wameshiba, zilizoanguka ziokotwe kabla ya jua kuzama. Makapi ya kukamulia mvinyo yasimwagwe wanapofika.

Dada wa Hombolo

Nakushukuru dokta. Makapi tunamwaga nyuma ya banda lao kabisa. Kesho tunahamisha.

Mpangaji wa Dom

Wakuu, nimerudi. Mbwa yuko hai.

Daktari alimpokea saa mbili na nusu usiku. Alipoyaona matunda hakuuliza tena. Alimtundikia dripu mguu wa mbele, akampa sindano ya kuzuia kutapika, halafu ule mkaa wa hospitali kwa bomba. Usiku alitetemeka sana, daktari akakaa naye. Asubuhi alikunywa maji mwenyewe. Jioni amekula uji mwepesi wa mchele na kuku. Anatembea ila bado amechoka, na daktari amesema aendelee kuangaliwa siku mbili kwa ajili ya ini na figo.

Nawashukuru wote, kwa moyo wangu wote. Nisingeleta swali hapa ningempa mafuta na kungoja asubuhi.

Sasa tatizo ni mti. Mwenye nyumba hataki ukatwe, anasema ndio kivuli pekee na ni dawa yao ya tumbo ya miaka mingi, wanachemsha majani. Nimjibuje?

Bustani ya Bibi

Tumshukuru Mungu.

Hapo kwenye dawa ndipo penye uzito kuliko mbwa. Mwambie kwa adabu, umkatie kikonyo kimoja cha mti wake na kimoja cha mwarobaini wa barabarani, uviweke mezani mbele yake. Ataona mwenyewe kimoja kimegawanyika mara moja na kingine mara mbili. Mtu mzima ukimbishia kwa maneno atakaza, macho yake akiyaamini atakuwa wa kwanza kuwaambia wengine. Hata mwarobaini wenyewe si wa kunywesha watoto wachanga, mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru watoto waliopewa kunywa.

Mti haulazimiki kukatwa. Vishada vilivyobaki vivune vyote sasa kwa fimbo ndefu yenye ndoano, umalize kazi siku moja. Vizike shimo refu au vichomwe, usivitie kwenye mboji wala usimpe mtu wa nguruwe. Miche inayoota chini ing'oe, maana huu mti unajisambaza haraka. Msimu ujao ukishamaliza kutoa maua, tunda likiwa kijani bado, kata ncha za matawi yenye vishada. Kivuli kinabaki, matunda hayapo. Uzio wa matundu kuuzunguka unatosha kwa mbuzi na mbwa.

Na kama unataka uthibitisho wa maandishi wa kumwonyesha, chukua tawi lenye jani, likianza kutoa maua uongeze na ua, na tunda. Libane katikati ya magazeti makavu chini ya vitabu vizito, ubadilishe magazeti kila siku hadi likauke. Andika tarehe, mahali, urefu wa mti, rangi ya ua. Arusha kuna hazina ya taifa ya mimea iliyokaushwa, wanasoma vielelezo kama hivi. Walio Kenya wana ile ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Programu za simu kama PlantNet nazo zinasaidia, ila zipe picha ya jani zima juu na chini, ua, na tunda lililokatwa katikati. Watu wanapiga picha ya mti mzima kutoka mbali halafu wanalaumu programu.

Mwana wa Pwani

Nami niongeze la kwetu. Ukiwa unasafisha ua, angalia na ua wenyewe wa mpaka. Mbono kaburi umepandwa kila mahali kuwa uzio, mbegu zake watoto wanazila kwa kuwa ni tamu, na zinawalaza hospitali. Kuna na ule mti wa maua ya njano yenye umbo la tarumbeta, majani membamba, maziwa meupe ukiukata, tunda la kijani lenye kingo ambalo likiiva linakuwa jeusi. Unaitwa thevetia. Shangazi (kasuku amenusurika, anawasalimu) alikuwa nao langoni.

VetMoro

Umenena. Thevetia ni mbaya kuliko mmelia, sumu yake inaingia moja kwa moja kwenye moyo, kokwa chache zinatosha kumwua mtu mzima. Majani, mbegu, hata maziwa ya mti, vyote. Kwenye ua wenye mbuzi au watoto, huo mimi nashauri utoke kabisa, usipunguzwe.

Mpangaji wa Dom

Taarifa ya mwisho kwa wanaoufuatilia uzi. Mti umechipua na maua yametoka, zambarau hafifu yenye kibomba cheusi cheusi katikati, sawasawa na alivyosema Bustani ya Bibi. Mwenye nyumba alikuja na mkewe, tukaweka vikonyo viwili mezani. Alivigeuza geuza, hakusema kitu, kisha akampigia dada yake Kongwa kumuuliza wa kwake jani likoje. Uzio wa matundu ametoa pesa yeye. Vishada vya zamani tulivizika.

Mbwa ana afya, ameshachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Mbuzi wako zizini. Limebaki swali la sungura, binti ananiuliza kila siku kama anaweza kumpa majani ya miti ya hapa uani.

VetMoro

Ya mti wowote, hapana. Msingi wa sungura ni nyasi kavu safi, muda wote ziwepo. Juu yake mpe matembele na mchunga, vinyaushwe kivulini kwanza visimletee gesi. Kipande kidogo cha papai au embe mara moja moja, bila kokwa. Majani ya parachichi, nyanya na viazi mviringo asiyaguse. Na maji safi, kwa joto la Dodoma abadilishiwe asubuhi na jioni.